Malaria ya Lenox

Siku ya kwanza kumtia Lenox machoni, Ziro alimwamkia shikamoo.

Tusimcheke kwanza. Ilikuwa asubuhi ya kufungua muhula, kwenye lango la shule yao huko Bofu, Likoni, na Ziro alikuwa ndiyo kwanza anaingia Gredi ya Saba, amevaa kaptura ambayo bibi yake, Kafedha, aliichagua kubwa makusudi ili adumu nayo. Mara likaingia jitu refu, shati limechomekwa, mkoba wa ngozi begani, linatembea taratibu kama mwenye shule. Ziro akajua huyu ni mwalimu wa mazoezi. Akasogea kando, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Hakuwa mwalimu. Alikuwa mwanafunzi mgeni wa Gredi ya Tisa, kaja kutoka Homa Bay na mkoba wa baba yake. Waliokuwa langoni walicheka hadi wakashikana mabega. Lenox peke yake hakucheka. Alimtazama yule mtoto, akamwambia kwa upole, "Poa, dogo."

"Hujibu hivyo," Ziro akasema. Aibu ilikuwa imemjaa tele, lakini adabu ni adabu.

"Najibu aje?"

"Wasema marahaba. Shikamoo haiachwi hewani. Mtu akikuamkia mbele ya watu, nawe ukanyamaza au ukajibu mambo mengine, ushamfedhehesha."

Lenox akalizungusha neno mdomoni, kisha akalitoa zima zima. "Marahaba," akasema, na akaenda zake kutafuta darasa.

Basi, hapo ndipo Ziro alipokwisha. Tangu siku ile hakuna asubuhi iliyopita bila ya yeye kusimama langoni kumngoja Lenox amwamkie, ingawa alijua vizuri, kama ajuavyo mtoto yeyote wa Likoni, kwamba mtu aliyekupita miaka miwili haamkiwi shikamoo. Wenzake wakambandika jina la mpambe. Hakujali. Na Lenox naye hakumwangusha hata siku moja. Awe na haraka au awe na kundi la marafiki wa Gredi ya Tisa, alisimama, akajibu marahaba, ndipo akapita.

Wiki ya tatu ikagundulika kwamba Lenox ni golikipa. Si golikipa wa kuokoteza, bali yule wa kuruka akauchomoa mpira kwenye kona ya juu huku watu washaanza kushangilia bao. Mwalimu Fondo, aliyekuwa akiifunza timu, siku hiyo aliisahau filimbi mdomoni. Ziro ndiye aliyekimbia kuushika mkoba. Kutoka mkoba akapanda cheo hadi kwenye njumu: kila baada ya mazoezi Lenox alizivua akamtupia, na Ziro akaenda nazo nyumbani, akazisugua kwa mswaki wa zamani, akazianika, akazirudisha kesho yake zikiwa zimefungwa pamoja kwa kamba zake, zinaning'inia shingoni mwake.

Ukitaka kujua urafiki wenyewe ulikuwaje, ulikuwa hivi. Ziro alijua kwamba Lenox hali mayai, kwamba baba yake ni dereva wa lori, kwamba wanaishi Timbwani kwenye nyumba ya mlango wa kijani, kwamba mama yake huitwa Mama Griffin na kwamba kiatu cha Lenox cha kulia hulika upande wa nje. Lenox alijua kwamba Ziro anaitwa Ziro. Lenox alikuwa na marafiki wengi, na Ziro alikuwa na Lenox.

Mwezi wa tatu timu ilialikwa kucheza Changamwe. Asubuhi ya kuondoka, Lenox alimwita Ziro pembeni, akamwambia ana malaria, amfikishie Mwalimu Fondo habari. Ziro akaifikisha kwa uchungu kama ya msiba. Timu ikavuka feri bila ya golikipa wake, ikarudi imefungwa manne bila. Kioko, nahodha, mvulana asiyejua kuficha neno, akasema mbele ya wote, "Malaria gani hiyo ya Jumamosi? Ama amenunuliwa, ama anaringa." Ziro akamrukia. Kioko alimshika kwa mkono mmoja, akamweka kando kama kikapu, lakini kila mtu aliona kwamba alikuwa amerushiwa ngumi.

Jioni hiyo hiyo Bibi Kafedha alichemsha majani ya mwarobaini, akayachuja kwenye chupa, akamtuma Ziro Timbwani. Alipokata kona ya uchochoro, Ziro akamwona mgonjwa. Alikuwa kifua wazi, anadaka mpira wa matambara unaopigwa na watoto wadogo, anaruka, anabingirika, anacheka.

Mwingine angemwita. Ziro alirudi nyuma ya ukuta, akakaa chini na chupa yake, akangoja mpaka watoto wakaitwa kuoga na Lenox akaingia ndani. Akahesabu hadi mia mbili. Ndipo akabisha. Lenox akatoka amejifunika leso ya mama yake, anatetemeka kama ilivyopasa. Ziro akamimina kikombe, akampa bila ya kumtazama usoni. Na Lenox, kwa ugonjwa asiokuwa nao, akanywa mwarobaini wote hadi chini, machozi yakimlengalenga kwa uchungu wake. Ziro akaisuuza chupa, akaaga, akaondoka. Kwa miezi mitatu hakumwambia mtu. Hata Lenox mwenyewe hakumwambia.

Mechi zilizofuata zilichezwa huku huku Likoni. Mwezi wa sita wakaingia fainali ya kaunti, na fainali ilikuwa Frere Town. Mwalimu Fondo akatangaza: Jumamosi, wote wakutane Likoni ferini saa moja u nusu, wavuke kwa miguu, ng'ambo watakuta gari. Kisha akamwangalia Lenox. "Ukikosa hii, mwanangu, glavu nampa mwingine na hazirudi. Wenzako wamechoka na visingizio."

Ijumaa baada ya mazoezi wakabaki wawili nyuma ya darasa la Gredi ya Nne. Lenox alivua njumu pole pole, akazishikilia.

"Ziro," akasema. Ilikuwa nadra kumwita kwa jina. "Kesho, ile malaria itanirudia. Utamwambia mwalimu."

Ziro aliziangalia njumu. "Hawe hana mwarobaini tena," akasema. Hawe ndivyo alivyomwita bibi yake, kwa Kigiriama.

"Sitaki mwarobaini."

"Najua hutaki. Nilikuona siku ile. Ulikuwa ukidaka na watoto. Nilijificha mpaka ukaingia ndani."

Lenox akainua uso. Alikuwa amekunywa kikombe kizima mbele ya mtu anayejua, na mtu huyo alikuwa amemwacha anywe kwa heshima zake.

"Wamekununua, kakangu?" Ziro akauliza. Hilo ndilo lililomkosesha raha miezi yote mitatu.

"Nani aninunue mimi? Zii." Lenox akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ni hiyo maji. Siwezi kupanda feri. Sisi tulikuja huku na lori ya mzee, tukapitia Dongo Kundu, ile barabara haina feri. Kutoka siku hiyo sijawahi kuvuka. Nikiskia tu ile honi yake nataka kutoroka."

Ziro akacheka.

Hakukusudia ubaya. Lakini muelewe mtoto wa Likoni: alivushwa feri mgongoni mwa mama yake kabla hajaota meno, akapelekwa kliniki kwa feri, akafuata sare kwa feri, na kwake feri ni barabara tu, ila hii hutembea. Kuambiwa mtu mzima na mikono kama ile anaiogopa feri ni sawa na kuambiwa anaogopa ngazi. Kicheko kilimtoka kabla ya akili kufika, na akili ilipofika Lenox alikuwa amesimama, uso umefungwa, anakwenda zake bila ya viatu. Njumu alikuwa ameziacha pale chini.

Njiani kurudi nyumbani Ziro alikuwa na hasira, na nisimfiche, hasira zenyewe zilikuwa juu ya Lenox. Alikuwa amempigania. Alikuwa amejitia mdomoni mwa shule nzima kwa ajili yake. Na kumbe shujaa mwenyewe anaogopa kitu ambacho vikongwe wanakipanda na vikapu vyao vya maembe! Kwa muda wa kutoka shuleni hadi nyumbani, Ziro alimchukia kabisa. Alipofika uani akachukua ndoo na mswaki, akaanza kuzisugua zile njumu kwa nguvu kuliko siku zote, na kadiri matope yalivyotoka ndivyo hasira nayo ilivyopungua, hadi akabaki na njumu safi na aibu ya kile kicheko.

Bibi Kafedha alikuwa akikuna nazi pale kwenye mbuzi. "Wavichuna ngozi viatu vya watu," akasema. "Una nini?"

Ziro akamweleza, bila ya kutaja jina. Bibi hakucheka.

"Miye natoka Kaloleni," akasema. "Siku niliyoletwa kwa tsaweyo, babu yako, tulifika pale ng'ambo nikaiona ile chuma imefungua kinywa, nikakaa chini na mzigo wangu. Nikasema siolewi. Watu wa harusi wakanicheka wee. Tsaweyo hakunicheka wala hakunivuta. Alinipa ncha ya shuka yake nishike, akatangulia yeye. Nikatazama kisogo chake mpaka Likoni." Akapangusa kifuu. "Hata sura ya bahari sikuiona. Mpaka leo sijui ilikuwa rangi gani siku ile."

Alfajiri ya Jumamosi, saa kumi na moja u nusu, Ziro alikuwa mlangoni kwa Lenox, njumu shingoni. Mama Griffin akafungua, tayari amevaa aproni ya kazi ya hotelini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema hivi?"

"Nimemfuata Lenox. Twaenda mpirani."

Mama akamtazama, kisha akageuka akamtazama mwanawe aliyekuwa amekaa ndani kwenye kochi, macho mekundu ya kutolala. Alifungua mlango zaidi tu.

Nje, Lenox akasimama mikono mfukoni. "Ulinicheka," akasema.

"Nilikucheka. Nisamehe." Ziro akameza mate. "Twende sasa, kabla timu haijafika. Saa hizi wavuka wafanyakazi tu, hakuna wa kukujua. Ukishindwa, wajua wewe na mimi. Nitakwenda kusema malaria, haki ya Mungu, na sitaki hata unieleze."

Lenox akatafuta uongo wa kujitoa, akaukosa. Wakaenda.

Walifika wakati umati wa asubuhi ukiteremka, mafundi na mifuko yao ya vifaa, kina mama na ndoo, watu wa bandarini na makoti yao ya kung'aa. Lango likafunguliwa, watu wakamwagika kwenda chini. Lenox alitembea vizuri mpaka maji yakaonekana kati ya vichwa vya watu, hapo akasimama kama aliyepigiliwa misumari. Mwenye mkokoteni nyuma akapaza sauti, "Vijana! Ama mwashuka, ama mwapisha!" Ziro akamvuta pembeni kwenye vyuma. Feri ya kwanza ikaondoka. Ya pili nayo ikajaa, ikapiga honi, na Lenox akakaa chini kabisa, kichwa katikati ya magoti.

Saa ikawa moja. Nusu saa tu, na Kioko na wenzake wangetokea pale juu.

"Siwezi, Ziro. Enda. Wapee hizo njumu, sema chenye utasema."

Moyo ulimuuma Ziro kumwona hivyo. Alitamani kumshika mkono, lakini alijua mvulana wa Gredi ya Tisa hashikwi mkono na wa Gredi ya Saba mbele ya watu, hata akiwa anakufa. Ndipo akazivua njumu shingoni. Moja akampa Lenox, nyingine akaishika mwenyewe, na kamba zikabaki zimefungwa kati yao.

"Shika hicho. Usikiachilie, nimekisugua jana jioni nzima. Mimi natangulia. Wewe nitazame kisogo, usitazame pengine."

"Uko na alama hapo nyuma," Lenox akasema, akisimama. Nusu mwaka walikuwa pamoja na hakuwahi kuliona kovu lile.

"Basi litazame hilo hilo. Nitakwambia lilivyopatikana."

Wakateremka. Ziro alihisi kamba ikikaza nyuma yake, ikilegea, ikikaza tena, na hakugeuka. Alisimulia: mkorosho wa jirani, mabibo yaliyoiva, tawi lililomsaliti, jirani aliyembeba hospitali huku akimgombeza njia nzima. Simento ikawa chuma chini ya miguu yao. Akampeleka katikati, mbali na kingo, wakasimama ubavuni mwa lori la unga. Mlango ukapanda, honi ikalia, sakafu ikaanza kutikisika. Kamba ikakaza hadi kidole cha Ziro kikauma.

"Endelea kuongea," Lenox akasema, sauti nyembamba.

"Nilishonwa nyuzi saba."

"Endelea."

"Nilitaka kusema tisa, lakini ni saba."

Nyuma yake Lenox akavuta pumzi ndefu. Kisha yeye ndiye aliyeongea, taratibu, kwenye kisogo cha Ziro, kwa kuwa uso ulikuwa haumtazami.

"Griffin alikuwa bro wangu. Yule mkubwa. Boti ilipinduka kule ziwani, tukiwa wanne. Kulikuwa na mtungi mmoja wa plastiki. Yeye ndiye aliufikia wa kwanza, halafu akanisukumia mimi. Alikuwa na miaka kumi na miwili."

Ziro hakugeuka. Nusu mwaka mzima alikuwa akisema Mama Griffin hivi, Mama Griffin vile, alijua kiatu kipi hulika upande gani, na hata siku moja hakuuliza huyo Griffin yuko wapi. Machozi yakamjia, yeye mwenye miaka kumi na miwili na kaptura inayompwaya. Akaivuta kamba kidogo tu, mara moja. Baada ya muda, kamba ikavutwa upande wa pili.

Feri ikagusa ng'ambo. Wakapanda na watu hadi juu, wakakaa kwenye ukingo wa barabara, na hapo Lenox akatapika chai yote ya asubuhi. Ziro akamletea maji ya kusukutua, kisha akaishika tena njumu yake. Hakuna aliyesema lolote kuhusu jioni, ingawa wote wawili walijua kwamba kurudi ni kwa njia ile ile.

Saa mbili kasorobo timu ikatokea, Mwalimu Fondo mbele, uso umekunjamana. Alipomwona golikipa wake amekaa pale, akasimama, akamshukuru Mungu kwa sauti. Kioko hakushukuru.

"Kumbe upo," akasema. "Leo malaria imekupa ruhusa?"

Ziro akafungua mdomo. Alikuwa na uongo mzuri kabisa tayari, aliutengeneza njiani, wa shangazi anayekaa kisiwani. Lenox akamwekea mkono begani.

"Haikuwa malaria," akasema. "Naogopa maji. Sijawahi kuvuka hii feri mpaka leo. Huyu ndiye amenivusha."

Wavulana wakatazamana. Mmoja akaguna akitaka kucheka, Kioko akamkanyaga mguu. Kisha Lenox akasimama kwa urefu wake wote, akageuka akawa uso kwa uso na Ziro, na akafanya jambo ambalo wale wa Gredi ya Tisa walilidhania mzaha, wakangoja amalizie wacheke. Aliinamisha kichwa.

"Halafu leo hatujaamkiana," akasema. "Shikamoo, Ziro."

Wakangoja. Lenox hakucheka wala hakuinua kichwa. Ziro alihisi masikio yakimwaka moto. Alitaka kusema aache, alitaka kukimbia, alitaka bibi yake angekuwapo aone. Lakini mtu alikuwa amemwamkia mbele ya watu, na lilikuwa somo lake mwenyewe, alilitoa langoni kwa mdomo wake.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ndogo.

Akanyoosha mkono ampe njumu iliyobaki. Lenox akaipokea, akazitundika zote mbili shingoni mwake mwenyewe, na wakaenda garini pamoja.